Canada, Boeing na ndege ya dola moja

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Hivi karibuni nilipanda Airbus A220 ya ATCL (Air Tanzania) kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Abiria wa kiti cha jirani akanieleza kwamba ndege hii kwa asili si ya Airbus, ni ya Wakanada, ila Marekani iliipiga ushuru wa karibu asilimia 300 mpaka wenyewe wakaiachia kwa dola moja. Akaongeza kwamba Canada ililipiza kwa kukataa ndege za kivita za Boeing. Je, kuna ukweli hapo? Serikali inawezaje kugombana na kiwanda kana kwamba inagombana na nchi? Na nchi kama yetu ingeweza kufanya vile? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako wa safari alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ila kuna mambo mawili aliyaruka, na hayo ndiyo yanayogeuza maana ya kisa kizima. Kwanza, ushuru ule haukuwahi kutozwa kwenye ndege hata moja. Pili, Canada ilizikataa kweli ndege za kivita za Boeing mwaka 2017, lakini mwaka 2023 ilirudi kwa Boeing hiyo hiyo kununua ndege nyingine za jeshi, tena bila kushindanisha zabuni. Naomba nikueleze kwa kirefu, maana kisa hiki kinafundisha mengi kuhusu biashara ya ndege, biashara ambayo sisi Watanzania sasa tumo ndani yake kwa fedha za umma.

Nianze na ndege yenyewe. Bombardier, kampuni ya Montreal, ilijulikana kwa ndege ndogo: zile jeti za CRJ ambazo Uganda Airlines na RwandAir wamezitumia, na zile Q400 za pangaboi ambazo ATCL inazirusha kwenda mikoani. Mwaka 2008 ikatangaza mradi mkubwa kuliko yote iliyowahi kuifanya, CSeries, ndege mpya kabisa ya abiria kati ya 100 na 150. Bila shaka uliona ulipokuwa ndani: viti viwili upande mmoja, vitatu upande wa pili. Mpangilio huo una maana kubwa. Boeing na Airbus, kwa abiria wa idadi hiyo, walikuwa wakichukua ndege yao kubwa ya viti vitatu kwa vitatu na kuifupisha. Ndege iliyofupishwa inaendelea kubeba uzito wa mabawa na matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndugu yake mrefu, na uzito huo unakula mafuta kila safari. Wahandisi wa Montreal walichora mwili wembamba kwa ukubwa huo tangu mstari wa kwanza, wakafunga injini mpya za Pratt & Whitney, wakapata ndege iliyokuwa bora kuliko chochote kilichokuwepo sokoni kwa idadi ile ya abiria. Hilo nalisema bila kusita.

Ila uzuri wa ndege ulikuja pamoja na madeni. Ndege ilipaa kwa mara ya kwanza Septemba 2013 na kubeba abiria Julai 2016 ikiwa na shirika la Swiss, miaka kadhaa nyuma ya ratiba, na gharama za mradi zikakaribia dola bilioni 6 za Marekani. Bombardier ilikaribia kuzama. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Quebec ikatangaza kuingiza dola bilioni 1 za Marekani kwenye mradi ili kuuokoa, na Februari 2017 serikali kuu ya Ottawa ikatoa mkopo wa dola za Canada milioni 372.5, sehemu yake ikienda kwa CSeries. Ziweke hizo fedha kichwani, maana ndizo zilizoleta kesi.

Aprili 2016 Delta, shirika la ndege la Atlanta, Marekani, na moja ya makubwa kabisa duniani, likaweka oda ya ndege 75 za CSeries pamoja na nafasi ya kuongeza 50. Huko Boeing taa nyekundu zikawaka. Hofu yao ilikuwa na historia: walikuwa wakisema wazi kwamba Airbus nayo ilianza hivi hivi, kampuni changa inayobebwa na fedha za serikali za Ulaya, na Wamarekani wakaichukulia kimasihara mpaka ikawafikia. Hawakutaka kuona jambo hilo likijirudia Canada.

Tarehe 27 Aprili 2017 Boeing ikafungua malalamiko Washington. Ilidai kwamba Bombardier imeiuzia Delta kila ndege kwa kama dola milioni 19.6 wakati kuitengeneza kunagharimu milioni 33.2, na kwamba pengo hilo limezibwa na hazina ya Canada. Ikaomba ushuru wa aina mbili, mmoja wa kufidia ruzuku na mwingine wa kuadhibu bei ya kutupa (yaani kuuza nje chini ya gharama), kila mmoja karibu asilimia 80.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sheria ya Marekani inagawa kesi ya namna hii kwa vyombo viwili. Wizara ya Biashara inajibu swali moja tu: je, kuna ruzuku, au kuna bei ya kutupa, na ni kiasi gani? Kisha Tume ya Biashara ya Kimataifa, ambayo haiko chini ya wizara hiyo, inajibu swali jingine: je, viwanda vya Marekani vimeumia au viko hatarini kuumia? Jibu la "ndiyo" lazima litoke kote kuwili. Likikosekana upande mmoja, ushuru unakufa hapo hapo.

Wizara ilikuwa kali. Septemba 26, 2017 ikatangaza kwa muda asilimia 219.63 kwa upande wa ruzuku, zaidi ya mara mbili na nusu ya kile ambacho Boeing yenyewe iliomba. Siku chache baadaye, Oktoba 6, ikaongeza asilimia 79.82 kwa upande wa bei. Jumlisha, unapata ile karibu 300 uliyoisikia ndani ya ndege. Hukumu ya mwisho ya wizara, Desemba 20, ilishuka kidogo hadi asilimia 292.21. Iangalie hiyo namba ya 79.82 kwa karibu: ni ile ile iliyokuwa kwenye malalamiko ya Boeing. Bombardier haikuwasilisha hesabu za gharama ambazo wizara ilizidai, ikieleza kwamba ndege za Delta hazijaanza kutengenezwa, na kwa sheria zao mlalamikiwa asipoleta hesabu, wizara inaruhusiwa kuchukua za mlalamikaji. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa hatari mno kwa kampuni iliyokuwa imeshikilia uhai wake mkononi.

Sasa upande wa serikali, ambao ndio kiini cha swali lako. Ottawa ilikuwa na karata moja nzito. Ndege zake za kivita, CF-18, zilikuwa zikiruka tangu miaka ya 1980, na Novemba 2016 serikali ya Waziri Mkuu Justin Trudeau ilitangaza nia ya kununua Super Hornet 18 za Boeing za kuvushia kipindi hadi ndege mpya za kudumu zipatikane. Serikali ya Marekani ilikadiria mauzo hayo kufikia dola bilioni 5.23. Basi mara tu kesi ya Boeing ilipopokelewa, Mei 2017, Waziri wa Mambo ya Nje Chrystia Freeland akatangaza kwamba Canada inapitia upya manunuzi yake ya kijeshi kutoka Boeing, na Waziri wa Ulinzi Harjit Sajjan akasema hadharani kwamba kampuni hiyo haijafanya kama mbia wa kuaminika. Septemba 18, akiwa Ottawa pamoja na Waziri Mkuu wa Uingereza Theresa May, Trudeau akamaliza maneno: serikali yake haitafanya biashara na kampuni inayohangaika kuishitaki na kuwatoa kazini wafanyakazi wake wa viwanda vya ndege.

Usishangae kumwona May hapo. Mabawa ya CSeries yalikuwa yakitengenezwa Belfast, katika kiwanda cha Bombardier kilichoajiri watu kama 4,000. Baada ya uchaguzi wa Juni 2017 May hakuwa na wingi bungeni, akategemea kura 10 za chama cha DUP cha huko huko Ireland Kaskazini. Kwa hiyo ajira za Belfast ziligeuka suala la uhai wa serikali ya London. May alimpigia simu Rais Trump, na Waziri wa Ulinzi Michael Fallon akaionya Boeing kwamba inahatarisha uhusiano wake na Uingereza. Ila onyo hilo halikuwa na meno. Uingereza ilikwisha agiza kwa Boeing helikopta za Apache 50 na ndege 9 za doria ya baharini, na yenyewe ilikuwa imeikaribisha Boeing kujenga kiwanda Sheffield. Ukishasaini na kuanza kulipa, vitisho vyako haviendi mbali.

Swali lako la kwamba serikali inagombanaje na kiwanda lina jibu hapo. Kampuni kama Boeing inauza kwa serikali nyingi duniani, inatetewa na wizara za nchi yake, na mauzo yake ya silaha yanapitia idhini ya Washington. Serikali ya nje nayo inakutana na kiwanda ikiwa na nafasi tatu kwa wakati mmoja: ni mnunuzi, ni mfadhili wa viwanda vyake, na ni msimamizi wa usalama wa anga. Ottawa mwaka 2017 ilikuwa mfadhili aliyeshitakiwa kwa ufadhili wake, ikajibu kwa kutumia nafasi yake ya mnunuzi.

Nafasi ile ya tatu tuliiona Machi 2019, pale ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX ilipoanguka dakika chache baada ya kuondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, watu wote 157 wakafa, wakiwemo Wakenya 32 na Wakanada 18. China ilizuia MAX kuruka kesho yake. Ulaya ikafuata, kisha Canada, na saa chache baada ya Canada, Marekani yenyewe. Nalitaja kwa sababu wengi wanadhani msimamizi wa anga wa nchi nyingine ni mtu wa kugonga muhuri tu kile ambacho Wamarekani wamekwisha kubali. Siku ile wasimamizi wa nje ndio waliotangulia, na Boeing haikuwa na mahakama ya kuwapeleka. Kwa maoni yangu nafasi hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote tatu, na ndiyo inayostahili kutunzwa isichanganywe na ugomvi wa biashara, maana siku serikali itakapozuia ndege kwa hasira za ushuru, hakuna atakayeiamini itakapozuia kwa ajili ya roho za watu.

Turudi mwaka 2017. Wakati wanasiasa wanatupiana maneno, jambo kubwa kuliko yote lilitokea kimya kimya kati ya makampuni. Oktoba 16, siku kumi tu baada ya ule ushuru wa pili, Airbus na Bombardier wakatangaza kwamba Airbus inachukua asilimia 50.01 ya kampuni ya mradi wa CSeries. Malipo: dola moja.

Hii dola moja imezungumzwa sana, kwa hiyo niieleze vizuri. Airbus haikununua kiwanda kizima, na Bombardier haikuwa mjinga. Bombardier na Quebec walibaki na hisa zao. Bombardier ilikubali pia kuendelea kuziba upungufu wa fedha wa mradi, hadi jumla ya dola milioni 700 katika miaka ya mwanzo. Walichopata ni kitu ambacho fedha yao isingeweza kununua: wauzaji wa Airbus duniani kote, mafundi na maghala ya vipuri ya Airbus, na nguvu ya Airbus ya kuwabana wauza vipuri washushe bei. Shirika la ndege linaponunua ndege huwa linajiuliza kama mtengenezaji atakuwepo miaka 20 ijayo, na kwa Bombardier ya wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika. Jina la Airbus liliondoa shaka hiyo kwa siku moja. Julai 2018 dili likakamilika na ndege ikabatizwa A220.

Na kulikuwa na Alabama. Airbus ilikuwa tayari na kiwanda Mobile, katika jimbo hilo la Marekani, na ikasema ndege za wateja wa Marekani zitaunganishwa pale pale. Hoja ikawa kwamba ndege iliyounganishwa Alabama na Wamarekani haiwezi kutozwa ushuru wa bidhaa ya kutoka nje. Boeing ilipinga tafsiri hiyo. Lakini angalia ilivyojiweka: kampuni iliyokwenda Washington kutetea ajira za Wamarekani sasa ilikuwa inapingana na mpango wa kuwapa Wamarekani wa Alabama ajira.

Kisha ikaja siku ya Tume, Januari 26, 2018. Karibu kila mtu, mimi nikiwa mmoja wao, alitegemea Boeing ishinde, kwa sababu ilikuwa imeshinda kila hatua mpaka pale. Makamishna wanne walipiga kura, na wote wanne wakakataa. Kiini cha jibu lao ni kile kile ambacho Delta ilikuwa ikikieleza tangu mwanzo: Boeing haikuwa na ndege mpya ya ukubwa ule ya kuipa Delta. Katika mazungumzo ya mwaka 2016 ilichopeleka mezani ni ndege zilizokwisha tumika, zikiwemo Embraer 190 zilizotengenezwa Brazil. Utasemaje umenyang'anywa mteja kwa bidhaa usiyoiuza? Ushuru ukafutika kabla ndege moja ya CSeries haijavuka mpaka kuingia Marekani. Delta ikaanza kurusha A220 Februari 2019.

Je, hasira za Trudeau ndizo zilizoleta ushindi huo? Naamini hapana, na sisemi hivi ili kumpunguzia heshima. Tume ile haikuwa na sababu ya kujali Super Hornet. Ilipima ushahidi wa soko, na ushahidi uliolivunja shauri la Boeing ulitoka kwa mteja wa Kimarekani, Delta, aliyesimama na kusema kwamba anaitaka ndege hii na kwamba hakuwa ameletewa nyingine. Vitisho vya Ottawa vilikuwa na kazi nyingine: kuwaonyesha wafanyakazi wa Mirabel, kiwanda cha CSeries kilipo, na wapiga kura wa Quebec kwamba serikali iko nao, na kuiwekea Boeing bei ya kuendelea na kesi. Boeing iliikubali bei hiyo ikaendelea.

Bei yenyewe ilitangazwa Desemba 12, 2017. Canada ikaachana na Super Hornet, ikaamua kununua ndege 18 zilizotumika kutoka Australia, za aina ile ile ya CF-18 na za umri unaokaribiana. Siku hiyo hiyo ikatangaza utaratibu wa zabuni ya ndege mpya 88 yenye kigezo ambacho magazeti yalikipa jina la kifungu cha Boeing: kampuni iliyodhuru maslahi ya kiuchumi ya Canada itapunguziwa nafasi wakati wa kupima zabuni. Ni silaha ya kiungwana ukiilinganisha na kupiga marufuku, kwa sababu inamwachia mzabuni mlango wazi wa kutengeneza mambo kabla ya siku ya kupimwa. Mwishoni mwa 2021 Boeing ikatolewa kwenye zabuni hiyo, wakabaki Lockheed Martin wa Marekani na Saab wa Sweden. Serikali haikutaja kifungu kile kama sababu. Januari 2023 Canada ikatangaza kununua F-35 za Lockheed Martin 88 kwa takriban dola za Canada bilioni 19.

Lakini kulipiza nako kulikuwa na gharama. Mkaguzi Mkuu wa Canada alipochunguza jeshi la anga mwaka 2018, alieleza kwamba kuongeza ndege za zamani hakutaliondolea tatizo, kwa kuwa kilichopungua hasa ni marubani na mafundi. Walinunua mabati ya miaka ya 1980 wakati waliokosekana ni watu wa kuyarusha na kuyatengeneza. Ndicho ninachowaambia wanafunzi wangu kila mwaka: nguvu ya mnunuzi ni ya kweli pale tu anapoweza kuishi bila kununua, na Canada ilikuwa na uwezo huo kwa nusu tu.

Ndiyo maana Novemba 30, 2023 wengi walishituka na mimi sikushituka. Siku hiyo serikali ile ile ya Trudeau ilitangaza kununua hadi ndege 16 za Boeing aina ya P-8 za kuwinda nyambizi, mpango mzima ukikadiriwa kufikia dola za Canada bilioni 10.4, bila zabuni, huku Bombardier ikilia kwamba ingeweza kutengeneza ndege ya namna hiyo nyumbani. Jibu la serikali lilikuwa kwamba hakuna ndege nyingine iliyo tayari inayotimiza mahitaji. Ndege za doria walizonazo zilikuwa zimezeeka, washirika wao, Wamarekani, Waingereza na Waaustralia, tayari wanarusha P-8, na bahari ya kaskazini haisubiri. Miaka sita kabla, Boeing ilikuwa imetangazwa kuwa mbia asiyeaminika. Sidhani kwamba Trudeau alikuwa mnafiki mara moja kati ya hizo mbili. Mwaka 2017 alikuwa na njia ya kuzunguka, mwaka 2023 hakuiona.

Boeing nayo, ilipata nini? Baada ya kushindwa ilitafuta ndege ndogo ya kwake kwa kuungana na Embraer ya Brazil. Mwezi ule ule ambao CSeries iligeuka A220, Boeing na Embraer walitangaza makubaliano ya Boeing kuchukua asilimia 80 ya biashara ya ndege za abiria za Embraer. Aprili 2020 Boeing ikajitoa, wakaingia kwenye usuluhishi, na mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 150. Kwa hesabu yangu, kesi ya 2017 ni moja ya makosa makubwa ya kibiashara ya Boeing katika miaka ile ukiacha janga la MAX: ilikwenda kumzuia mshindani mdogo aliyekuwa anakata roho, ikamsukuma mikononi mwa mshindani mkubwa anayepumua vizuri. Bombardier nayo haikupona kama mtengenezaji wa ndege za mashirika. Iliuza Q400, ikauza CRJ, ikauza Belfast, na Februari 2020 ikatoka kabisa kwenye A220 na kubakia na jeti za matajiri. Leo A220 ina wenyewe wawili: Airbus na serikali ya Quebec.

Sasa kwetu. ATCL ilikuwa ya kwanza Afrika kurusha A220, mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya ndege kubadili jina, kwa hiyo oda yetu ya mwanzo ilisainiwa na Bombardier na ndege zikapokelewa kutoka kwa Airbus. Tunazo 4. Tunazo pia Boeing 787, 737 MAX na 767 ya mizigo. Kuwa na ndege za watengenezaji wengi kunaongeza gharama za mafundi, mafunzo na vipuri, na wataalamu wenzangu wengi wanalilaumu jambo hilo. Mimi nalilaumu pia, ila nakiri kwamba linatupunguzia utegemezi kwa mtengenezaji mmoja.

Hapa nikuondolee mkanganyiko mmoja ambao huwa nausikia kila ninapozungumzia mada hii. Mwaka huo huo wa 2017 Q400 yetu mpya ilizuiwa Canada, na mwaka 2019 A220 yetu ikazuiwa Johannesburg. Zile hazikuwa kesi za kugombana na Bombardier wala Airbus, na serikali za Canada na Afrika Kusini hazikuwa wadai. Zilikuwa za kampuni na watu binafsi waliokuwa wakiidai serikali ya Tanzania, waliokwenda mahakamani wakakamata mali yetu waliyoikuta nje. Ndege ya serikali inayoruka kibiashara inashikika kwa deni la serikali, na suluhisho lake ni kulipa au kupatana na wadai mapema.

Tungeweza kufanya kama Canada? Kwa njia ya kutishia oda, hapana. Mwenye oda ya ndege 4 akisema hanunui tena, nafasi yake kwenye foleni inachukuliwa na mwingine kabla ya jua kuzama, na bado atahitaji vipuri vya zile alizonazo. Ugomvi wetu halisi na watengenezaji umekuwa wa aina nyingine. Injini za A220 zilisumbua mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa ATCL na kwa mashirika mengine duniani. Ndege zetu zikakaa chini kwa miezi zikisubiri injini, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaeleza hasara iliyotokana na hilo. Mlalamikiwa pale alikuwa mtengenezaji wa injini, si Airbus wala Canada, na huwezi kumwita balozi wa nchi ukamwambia alete injini ambayo hata mashirika ya nchi yake yanaisubiri.

Nguvu yetu iko kabla ya saini. A220 ina chaguo moja tu la injini, kwa hiyo baada ya kusaini hakuna pa kukimbilia. Kila kitu kidaiwe ukiwa bado una kalamu mkononi: injini za akiba ngapi zitakaa Dar es Salaam, ni siku ngapi za juu mtengenezaji atakaa na injini yetu karakana, analipa nini kwa kila siku inayozidi, na shauri litasikilizwa nchi gani. Hayo yote yanajadilika hata kwa mnunuzi mdogo, hasa akiungana na wenzake. Kuna mashirika mengine Afrika yenye ndege za familia hizi hizi, na hakuna sheria inayotuzuia kukaa nayo meza moja tukaingia kwenye mazungumzo ya matengenezo kama mteja mmoja wa ndege nyingi badala ya wateja wengi wa ndege nne nne.